Aliyeniongezea Mlango Kwenye Kabati Langu

Nilitoka kwenda chooni nikaacha kabati lina milango miwili.

Niliporudi lilikuwa na mitatu.

Sikuwa nimelewa. Pombe situmii. Na mle chumbani tulikuwa mimi, kompyuta, na feni inayolia kama mbuzi aliyesahauliwa kamba.

Skrini ilikuwa imenifungia nje, nikaandika paswedi, nikaingia, nikahesabu kwa kidole. Mitatu. Tena ule wa tatu ulikaa vizuri kuliko miwili yangu, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nikamwita Msumeno. Huyu ni jamaa wa mashine ya kukatia mbao, tumeanza naye kazi pamoja. Akaja na vumbi lake mpaka kwenye nyusi.

"Msumeno, hapa kuna milango mingapi?"

"Mitatu."

"Mimi nimechora miwili."

Akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Akarudi nyuma.

"Mzee, mimi nina watoto wadogo," akasema, akaondoka zake.

Ngoja niwaeleze vizuri ili tuende pamoja.

Mimi ni seremala. Shule niliiacha mapema, kabla hatujazoeana. Maisha yangu yote nimebeba mbao, mpaka siku moja nikainama kuokota ubao na nikashindwa kuinuka. Mgongo ukagoma. Daktari akaniambia nikibeba tena mzigo, safari ijayo nitaletwa kwake nimelala.

Bosi wetu, Mama Mbao, hana maneno mengi ila ana roho. Akanitoa kwenye kubeba, akaniweka kwenye kiti. Kazi yangu ikawa kupanga kwenye kompyuta jinsi ubao utakavyokatwa, vipande vitoke bila kuharibu. Kile kiti, ndugu zangu, nilikipenda kuliko kitanda. Bila kile kiti mimi ningekuwa nyumbani naangalia dari.

Sasa zile kompyuta zetu si kompyuta kamili. Mezani kuna skrini, kibodi na kipanya tu. Mtambo wenyewe ni mmoja, umefungiwa chumba cha nyuma, na programu zote zinakaa humo. Unaandika jina na paswedi, mtambo unakuletea meza yako kwenye skrini. Ukizima bila kufunga kazi, hata ukienda mji mwingine ukaingia kwa jina lile lile, unaikuta ilivyo.

Nilikwenda kwa Mama Mbao.

"Bosi, kompyuta ina jini."

Hata hakuinua macho. "Si jini. Ni dukani."

Mama Mbao alikuwa amefungua duka upande wa pili wa mji, la kuonyesha makabati na kupokea oda. Nilijua lipo. Sikujua kwamba nako kuna skrini iliyounganishwa na mtambo wetu.

"Dukani kuna mtu wangu," akasema. "Anatumia jina hilo hilo, FUNDI. Mteja alitaka milango mitatu, akaongeza. Shirikianeni."

"Kwa nini asiwe na jina lake?"

"Programu ya kukata inataka leseni. Nimenunua moja. Leseni ni kama pikipiki, mmoja akishuka mwingine anapanda."

Tatizo ni kwamba hatukuwa tunashuka. Tulikuwa tunasukumana.

Niko katikati ya kazi, skrini inakuwa nyeusi: mtumiaji mwingine ameingia kwa jina lako. Naingia tena, namtoa. Ananitoa. Namtoa. Tukashinda hivyo mchana kutwa kama watoto wanaogombea bembea, na hakuna kabati lililochorwa.

Mwisho nikafungua ukurasa mtupu kwenye skrini nikaandika: WEWE WA DUKANI. NANI AMEKUFUNDISHA ADABU?

Nikatolewa. Niliporudi kulikuwa na jibu.

"Hakuna. Na wewe nani amekufundisha kupima droo? Hii haifunguki ikigusa bawaba."

Nikaangalia. Ni kweli ilikuwa inagusa.

Nikajisemea, huyu ni kijana. Namwona kabisa. Suruali ya kubana, marashi, kucha safi, amejifunzia useremala kwenye simu. Nikaandika: "Dogo, mimi nimeanza kupiga randa wewe hujazaliwa. Sema shikamoo kwanza."

"Shikamoo mzee," akaandika.

"Marahaba," nikajibu, nikajiegemeza kwenye kiti changu nikiwa na raha zangu.

Ishikeni hiyo shikamoo. Tutairudia.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu. Asubuhi nafungua kazi mimi, baada ya chakula cha mchana anaingia yeye, na katikati tunasukumana. Kila anayetolewa anaacha maneno. Mimi nilimwita Marashi. Yeye aliniita Mgongo, maana nilikuwa nimemwambia habari za mgongo wangu.

"Marashi, rafu zako zimepinda kama tabasamu la mwizi."

"Mgongo, hizo rafu ni zako. Mimi nimechora milango."

Na alikuwa fundi, nisiseme uongo. Ubao ambao mimi nilikuwa nautoa vipande na mabaki ya kuwashia moto, yeye anavigeuza vile vipande, hiki kinalala hivi, kile kinasimama, mabaki yanakuwa ya kujaza kiganja tu. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akaandika, "Ukishawahi kuharibu kitu cha mteja, huwezi kukata ovyo." Sikumwelewa.

Mtu mnayezoeana bila kuonana unamwambia mambo. Mimi nilianza kumwambia habari za nyumbani.

Nyumbani kwangu tuko mimi, Mama Pacha ambaye ni mke wangu, mapacha wetu, na mama yake mke wangu. Mama mkwe alikuwa mshonaji nguo, mke wangu akamfungisha cherehani akamleta kwetu. Akatoa amri: mama amefanya kazi ya kutosha, sasa akae. Mama mkwe akakubali. Ila kila siku mchana alikuwa anakwenda kliniki ya mazoezi ya magoti. Hakosi. Tulimsifu sana kwa bidii yake.

Ni mama mwema. Lakini mnajua mambo ya mkwe. Huwezi kumwambia kitu. Unainamisha kichwa, unasema ndiyo mama, unameza.

Basi vile nilivyokuwa nameza nyumbani nikawa navitapika kwa Marashi.

"Marashi, mama mkwe wangu anatia sukari kwenye chai kama anaipaka jichoni."

Jioni hiyo nikarudi nyumbani. Chai ikaja. Nikanywa. Ilikuwa asali, kijiko kinasimama chenyewe.

Nikashangaa, nikafurahi, nikamaliza kikombe.

Siku nyingine nikaandika: "Nikila ananiangalia mkononi kama mlinzi wa ghala."

Jioni mama mkwe akageuza kiti chake, akala akiwa ametazama ukuta. Mapacha wakamuuliza, "Bibi, umekasirika?" Akasema, "Hapana wajukuu zangu, ukuta huu ni mzuri."

Asubuhi nikamwendea Msumeno.

"Yule dogo wa dukani ana kitu. Nikimwambia jambo, nyumbani linatokea."

Msumeno akazima mashine. "Jambo lolote?"

"Lolote."

"Mwambie nataka pikipiki."

"Inafanya kazi kwangu tu."

"Basi ni jini la ubaguzi," akasema, akaiwasha mashine yake.

Nikaanza kuagiza. Kweli, niliagiza kama niko hotelini. Nikaandika kwamba laiti mama mkwe angekaanga samaki kama zamani. Samaki wakaja, wakavu kwa nje, laini kwa ndani. Nikaandika kwamba anaimba mapema mno asubuhi. Kesho yake nyumba ikawa kimya kama msikiti saa za kazi. Nilikuwa natembea huku nacheka peke yangu. Mama Pacha akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Ndipo nikazidisha.

Nikaandika: "Marashi, yule mama hana ugonjwa wa magoti wala nini. Anakwenda huko kliniki kupiga soga na wazee wenzake."

Jibu lilichelewa. Kisha likaja neno moja: "Sawa."

Jioni wali uliletwa. Mke wangu na watoto walipakuliwa wali mweupe unaofuka moshi. Mimi nikapakuliwa ukoko. Si ule ukoko mtamu wa rangi ya dhahabu, hapana. Mweusi. Ulikuwa unagonga sahani.

"Kula, Baba Pacha," mama mkwe akasema kwa upole. "Una nguvu ya meno."

Nikala. Nilikuwa nasikika mpaka kwa jirani.

Asubuhi nikamwandikia Marashi: "Dogo, dawa yako jana imegeuka."

Akajibu: "Pengine uliagiza vibaya."

Katikati ya vichekesho hivyo ndipo ikaja oda kubwa, makabati ya bweni zima la wanafunzi. Mama Mbao alikuwa ameipigania oda ile, na ubao alionunua ulikuwa wa kutosha kwa kubana. Tukikata vibaya, hasara. Mimi na Marashi tukaacha matusi. Mimi napanga, yeye anageuza vipande, mimi narekebisha bawaba, yeye anabana tena. Mpango ulipokamilika ilibaki michoro michache tu ya milango.

Hapo ndipo akaja mkaguzi.

Alikuwa dada mwembamba mwenye begi mgongoni na sauti ya upole inayotisha. Alitumwa na wenye programu. Mama Mbao akaniita ofisini.

"Huyu FUNDI wenu ni nani?" dada akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Hongera. Kwenye kumbukumbu zetu unaonekana uko karakana, dakika hiyo hiyo uko duka la upande wa pili wa mji, halafu uko karakana tena. Ofisini wenzangu wanadhani una ndege."

Mama Mbao akaingilia. "Leseni nimenunua, dada. Ni kama pikipiki. Mmoja akishuka..."

"Hii si pikipiki, mama. Leseni mliyonunua inakwenda kwa mtu, kwa jina lake. Popote atakapokaa, anaitumia yeye. Mwingine haruhusiwi hata kama mwenyewe amelala. Hii ni mswaki."

Mama Mbao akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekuwa napiga mswaki wa watu.

"Basi nataka mtu mmoja," dada akasema. "Kesho narudi. Mnipe jina, nilisajili. Mkishindwa, programu inazimwa."

"Nikitaka leseni ya pili?"

Dada akamtajia bei. Mama Mbao akakohoa mpaka akaletewa maji. Pesa yote ilikuwa imelala kwenye ubao wa bweni.

Dada alipoondoka, Mama Mbao akaniambia bila kuzunguka, "Fundi, kesho namleta na yule wa dukani. Nitawatazama wote wawili, nitachagua mmoja. Asiyepata, akiwa wa dukani atafagia, akiwa wa huku kuna nafasi ya kubeba tu."

Kubeba. Mgongo ulinisikia ukaanza kuuma hapo hapo.

Nikarudi kwenye skrini. Marashi alikuwa ameshaambiwa, maana maneno yalikuwa yananisubiri.

"Mgongo, kesho tutaonana."

Nikaandika: "Njoo umejiandaa. Kiti hiki sikitoi. Nina mgongo na watoto pacha."

"Na mimi nina sababu zangu. Nikikaa bure nitakufa."

Asubuhi nilivaa shati la harusi. Mama Pacha akaniuliza kuna nini, nikasema mkutano. Mama mkwe naye alikuwa anapiga pasi kitenge chake kizuri, akasema kliniki leo kuna daktari mgeni. Tukaagana kwa heshima mlangoni.

Karakana nzima ilijua. Msumeno alikuwa amezima mashine ili asikie vizuri, mkononi ana karanga. Dada mkaguzi kakaa na kompyuta yake mapajani. Mama Mbao kasimama, mikono kiunoni. Mimi kwenye kiti changu, nimekishika pande zote mbili.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia mama mkwe.

Nikajua nyumbani kuna msiba. Mtoto, nikasema, mtoto ameanguka. Nikasimama kwa haraka mpaka mgongo ukalia.

"Mama, kuna nini nyumbani? Watoto wako wapi?"

"Watoto wako shule. Wapo wapi saa hizi zaidi ya shule?"

"Sasa mama umefuata nini huku?"

Mama Mbao akasema, "Fundi, kaa. Huyu ndiye mtu wangu wa dukani. Alikuwa mshonaji, kukata anajua."

Sikukaa. Nilidondoka kwenye kiti.

Suruali ya kubana ikayeyuka. Marashi yakayeyuka. Mbele yangu kuna kitenge, miwani imefungwa kwa uzi, na macho ambayo nimekuwa nayainamia tangu siku ya mahari. Kichwani yakaanza kupita mambo yote niliyoandika. Sukari jichoni. Mlinzi wa ghala. Soga na wazee wenzake.

Ikabaki pumzi ya mwisho. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, na akavuta kiti akakaa. "Hiyo ndiyo niliyoifuata. Mimi nilikuamkia wewe. Leo naichukua shikamoo yangu."

Msumeno akapaliwa na karanga.

"Mama ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mama Mbao aliniambia karakana anayetumia kompyuta ni mmoja, ana mgongo mbovu na mdomo mchafu. Nikasema moyoni, huyo namjua, ameoa kwangu."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ningepataje habari zangu? Nyumbani unaniambia ndiyo mama, ndiyo mama. Huku ndiko nilikopata mkwe."

Mama Mbao alikuwa anatuangalia kama mtu aliyewasha redio akakuta vituo viwili. "Nyinyi ni ndugu?"

"Ni baba wa wajukuu zangu."

"Ni mama wa mke wangu."

"Haya vizuri," akasema dada mkaguzi. "Jina niandike la nani?"

Sasa hapo, wajuaji wa mambo ya wakwe, mnajua kilichotokea.

"Mwandike mama," nikasema.

"Mwandike huyu," mama mkwe akasema. "Ana mgongo."

"Mama ana magoti."

"Magoti yangu hayana kitu, kama ulivyoandika mwenyewe."

"Mama, siwezi kukaa kwenye kiti wewe ukiwa umesimama."

"Na mimi siwezi kumnyang'anya kazi anayemlisha mwanangu."

Tulisukumana vile vile kama kwenye skrini, ila safari hii kila mmoja anamwingiza mwenzake. Kwa ndani, nawaambia ukweli, nilikuwa naomba ashinde yeye kwenye kunipa. Na macho yake nilivyoyaona, naye alikuwa anaomba hivyo hivyo.

Mama Mbao akapiga meza. "Jana mlitaka kung'oana macho. Leo kila mtu malaika. Bweni langu linamaliziwa na nani?"

Dada akafunga kompyuta yake, akaifungua tena. Nadhani alitamani kucheka na kazi ikamkataza.

"Kuna aina nyingine," akasema. "Bei ni ile ile, naweza kuwabadilishia. Leseni isiende kwa mtu, ikae kwenye mashine. Mnachagua skrini moja. Yeyote atakayekaa mbele ya skrini hiyo anatumia, mmoja mmoja. Ila dukani programu haitafunguka tena. Ni skrini hiyo tu."

"Yaani kiti kimoja?" nikauliza.

"Kiti kimoja."

Mama Mbao akatutazama. "Asubuhi wewe. Mchana mama. Dukani nitapokea oda kwa daftari. Nani ana neno?"

Mama mkwe akainua kidole. "Mimi. Mama Pacha asijue. Amenikataza kazi. Nikikaa naumwa, na kusema siwezi, atalia."

Wote wakanigeukia.

"Mimi naijua kliniki," nikasema. "Ni nzuri sana."

Basi tukamaliza bweni, na mabaki ya ubao yalikuwa machache kiasi kwamba Msumeno alikosa ya kuchemshia chai.

Ugomvi haukuisha, ulihamia kwenye kiti. Mimi nakipandisha kwa ajili ya mgongo, yeye anakishusha. Tunapopokezana mchana tunaamkiana kwa adabu zote, kisha kila mmoja anamwachia mwenzake maneno kwenye skrini. Ana kwa ana ni "mama" na "baba". Kwenye skrini bado mimi ni Mgongo na yeye ni Marashi. Hakuna aliyependekeza tuache.

Nyumbani tulikuwa wasiri kama majambazi. Mpaka jioni moja tuko mezani, mke wangu akanyoosha mkono kichwani kwa mama yake. Akatoa kitu kwenye kilemba. Akakishika kwenye mwanga.

Kipande cha takataka za randa, kimejikunja vizuri kama nywele ya mzungu.

Dukani, mnaelewa, hakukuwa na vumbi. Karakanani limejaa. Hatukulifikiria hilo hata mmoja wetu.

"Mama," mke wangu akasema taratibu, "hiyo kliniki ya magoti wanawapiga randa?"

Mama mkwe akanitazama mimi. Mimi nikautazama ule ukuta mzuri.

"Na wewe Baba Pacha. Unajua."

Tukasema yote. Tulisema kwa zamu, kama tulivyozoea. Alisikiliza bila kutikisika, kisha akauliza swali moja tu.

"Kukaa nyumbani kulikuwa kunakuumiza, mama?"

"Kuliko cherehani, mwanangu."

Akanyanyuka akaenda jikoni. Sufuria ikakwanguliwa kwa muda mrefu. Akarudi na sahani mbili, akaniwekea moja mimi na moja mama yake.

Ukoko. Mweusi.

"Kesho mtakwenda kazini wote wawili," akasema. "Leo mtatafuna."

Mama mkwe akalipima pande lake, akalipima langu kwa jicho lile la mshonaji. "Tubadilishane, Baba Pacha. Lako ni dogo."

Tulikula. Jirani alisikia meno ya watu wawili.

Funzo ni fupi, na ninyi mnaoshinda kwenye simu mkiwatukana watu msiowaona ndio nawaambia. Huyo unayemwandikia naye ana nyumba, na nyumba yake ina jiko. Kabla hujabonyeza, jiulize jioni unakwenda kula wapi.